Ugonjwa Unaokuja na Joto

Gari likigoma asubuhi kabla halijatoka uani, mwenye nalo hana shida kubwa. Fundi atalikuta vile vile lilivyogoma, atapima betri, atachomoa plagi, na kabla ya adhuhuri jibu litakuwa limepatikana. Shida ni ya mwenye gari linalowaka vizuri alfajiri, likakimbia bila kukohoa mpaka mshale wa joto ukafika mahali pake, halafu likazima njiani. Likikaa nusu saa linawaka tena, buheri wa afya. Gari hilo likifika gereji huwa limekwisha kupona. Fundi analiwasha, analisikiliza, kisha anakugeukia na kukuuliza, "Mbona halina kitu?"

Langu lilikuwa Toyota Corolla ya mwaka 1993, ile ambayo mitaani tunaiita Corolla 100, injini ya 5A-FE ya lita 1.5, gia za mkono. Baba mdogo alilinunua likiwa limetoka Japani, akalitunza kwa miaka mingi, na macho yalipoanza kumsumbua akanikabidhi mimi. Wakati huo nilikuwa nafundisha sekondari Morogoro. Gari lile lilimfikisha shangazi hospitali usiku wa mvua, likawapeleka wadogo zangu shule za bweni, likabeba maharusi wa ukoo mzima. Kwa hiyo watu waliponiambia, "Mwalimu, liuze hilo, limezeeka," maneno hayo hayakuniingia. Gari lililozeeka na gari lenye ugonjwa ni mambo mawili. Uzee hauponi. Ugonjwa una chanzo, na chanzo kinaweza kutafutwa.

Mara iliyonitia hofu kuliko zote tulikuwa Mikumi. Barabara kuu ya kwenda Iringa inakata katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa karibu kilomita 50, na ndani ya hifadhi hairuhusiwi kushuka garini ovyo. Nilikuwa na mdogo wangu wa kike. Jua lilikuwa la saa nane mchana, lami inameremeta. Tukiwa gia ya nne, injini ikanyamaza. Haikutetemeka wala haikupwaya. Ilikata, kana kwamba mtu amezungusha ufunguo. Nikaliacha gari liserereke hadi pembeni. Upande wa kushoto kulikuwa na kundi la tembo wakila, karibu kiasi kwamba tulisikia matawi yakivunjika. Tukapandisha vioo, tukakaa na joto lile huku mdogo wangu akisoma dua kimoyomoyo. Dereva wa lori moja akatuona, akasimamisha nyuma yetu na kuwasha taa za tahadhari, hakuondoka mpaka gari lilipokubali kuwaka. Sijawahi kumwona tena dereva yule, na mpaka leo namwombea heri.

Katika sekunde zile kabla hatujasimama kuna kitu nilikiona. Mshale unaoonyesha mizunguko ya injini ulianguka hadi sifuri papo hapo, wakati gari lilikuwa bado linakwenda na magurudumu bado yanaizungusha injini. Maana yake sikuijua, ila nilikiweka akilini.

Gereji ya kwanza walibadilisha plagi na waya zake. Ya pili walichomoa plagi wakazikuta kavu, hazina hata harufu ya petroli, wakahukumu kwamba mafuta hayafiki. Wakabadilisha chujio, kisha pampu iliyo ndani ya tangi. Ya tatu wakasema kompyuta ya gari imekufa, na mmoja wao akanishauri nitafute injini nyingine kabisa. Kila mara gari liliondoka pale likiwa limepoa, likanipa siku za amani, halafu likazima tena njiani. Vijana wale hawakuwa wavivu. Mikono yao ilikuwa myepesi na nati zao zilikazwa sawasawa. Walichokosa ni kuuona ugonjwa wenyewe. Wote walilitibu gari baridi, na gari baridi halikuwa linaumwa.

Aliyelitibu ni fundi mmoja mtu mzima, ana banda la mabati upande wa Msamvu, na juu ya meza yake ya vifaa kuna daftari la shule lenye mafuta kwenye kila ukurasa. Nilimwamkia, akaitikia, akanivutia kigoda. Nikaanza kumhesabia vyote vilivyobadilishwa. Akanisikiliza kidogo, kisha akanikatisha kwa upole.

"Mwalimu, hivyo ni vitu ulivyonunua. Mimi nieleze gari linafanya nini."

Boneti hakuifungua. Alianza kuuliza maswali, na kila swali lilikuwa na kazi yake.

"Linazima ukiwa umekanyaga mafuta, au ukiachia likiwa sailensi?"

Swali hilo peke yake linafunga mlango mmoja mkubwa. Injini ikiwa baridi, kuna vali inayoiongezea hewa ili isizime. Ikipata joto vali hiyo inajifunga na hewa inabaki kupita katika njia nyembamba. Njia hiyo ikijaa masizi, gari litazima kila ukisimama kwenye taa au kwenye tuta, lakini ukiwa umekanyaga mafuta litakwenda tu. Dawa yake ni kusafisha, hakuna cha kununua. Langu lilizima hata likiwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Kwa hiyo hilo likaondoka.

"Linakata kwa mara moja, au linakufa taratibu likivutavuta?"

Nikamwambia linakata. Akatikisa kichwa, akaandika. Mafuta yakipungua injini hufa kwa kusitasita: inavuta, inaachia, inavuta tena, mpaka inashindwa. Umeme ukikatika hakuna kusitasita.

"Na ule mshale wa mizunguko, likizima unakuwaje?"

Hapo nikakumbuka Mikumi. Nilipomweleza, aliweka kalamu chini akanitazama kwa furaha ambayo sikuitegemea. Mshale ule, alinifafanulia, unapata habari zake kutoka kwenye umeme wa koili, ile inayozipa plagi umeme wa kupiga cheche. Kama mafuta ndiyo yamekatika huku gari likiwa kwenye gia, magurudumu yanaendelea kuizungusha injini, koili inaendelea kufanya kazi, na mshale unashuka polepole pamoja na mwendo wa gari. Ukianguka sifuri wakati gari bado linakwenda, basi ni koili yenyewe au kile kinachoiamrisha kimenyamaza. "Wewe uliuona ugonjwa kabla ya mafundi wote," akasema. "Hakuna aliyekuuliza."

Nilidhani sasa atafungua boneti. Akafunga daftari. "Nenda. Kesho njoo saa saba mchana, wakati jua ni kali. Tutaenda nalo mpaka liugue."

Watu wa hospitali wa zamani walijua jambo hili: mgonjwa wa homa za vipindi walipenda kumpima damu homa ikiwa imepanda.

Kesho yake tukashika njia ya Mikese. Alipakia vitu vichache: mita ya kupimia umeme, plagi moja ya akiba, kipande cha waya, bisibisi na kitabu cha injini kilichotolewa fotokopi. Tukaenda, tukarudi, tukaenda tena. Wakati wa kurudi alinisimamisha kivulini, tukazima injini dakika kama kumi, tukawasha tena. Nilimuuliza sababu. Akaniambia watu wengi wanadhani gari likisimama linaanza kupoa saa ile ile. Kumbe maji yameacha kuzunguka, feni imesimama, hakuna upepo unaopita, na joto lililomo ndani ya chuma cha injini linapanda kwenye kila kitu kilichofungwa juu yake. Kwa dakika kadhaa chini ya boneti kunakuwa na moto kuliko wakati gari lilipokuwa linakwenda. Ndiyo maana magari mengi yenye ugonjwa huu huzima muda mfupi baada ya dereva kusimama kununua machungwa.

Na kweli, hatukwenda mbali. Likakata.

"Mwalimu, sasa haraka," akasema akiwa tayari ameshashuka. "Likipoa limetutoroka."

Kwanza alizungusha kifuniko cha tangi la petroli akitega sikio. Tundu la kupumulia la kifuniko likiziba, pampu inanyonya mpaka tangi linakosa hewa, na ukifungua utasikia tangi likivuta pumzi. Halikuvuta. Akachomoa waya mmoja wa plagi, akaupachika kwenye plagi ya akiba, akailaza plagi ile kwenye chuma cha injini na kuniambia nipige stata. Nilipiga. Akakinga jua kwa kofia yake, akatazama. Plagi haikutoa moto hata chembe.

Ndani ya boneti ya Corolla hii kuna kijisanduku chenye kifuniko, na chini ya kifuniko kuna matundu yenye herufi. Akaunganisha kwa waya tundu la Fp na lile la +B, nikafungua swichi, na pampu nyuma kwenye tangi ikaanza kunguruma. Pampu ilikuwa nzima. Kisha akahamisha waya ule kwenye matundu ya TE1 na E1. "Tazama ile taa ya injini kwenye dashibodi. Hesabu." Taa ikawaka mara moja, ikapumzika, ikawaka mara nne. Ikarudia vile vile. Moja na nne: namba 14. Kwa Toyota za wakati ule namba hiyo ina maana kwamba kompyuta inatoa amri ya kupiga cheche lakini hairudishiwi jibu kwamba cheche imepigwa. Na ikikosa jibu hilo, kompyuta inasimamisha pia kunyunyiza petroli, ili petroli mbichi isimwagike ndani ya injini. Nikaelewa wakati ule ule kwa nini gereji ya pili waliona plagi kavu wakailaumu pampu. Walichokiona kilikuwa kweli. Walikisoma kinyume.

Jambo lililonishangaza ni kwamba kijisanduku kile kilikuwa pale siku zote. Gari lilikuwa na namba hiyo kwenye kumbukumbu yake kila lilipoingia gereji, na kuisoma kunahitaji kipande cha waya tu.

Kwenye injini hii koili imo ndani ya distribyuta, kigawa umeme wa plagi. Akafungua skrubu za kifuniko, akakiondoa, akagusisha ncha mbili za mita kwenye koili. Akanigeuzia mita ili nami nione. Haikusoma kitu, njia ya umeme ilikuwa imekatika. Hatukuongea. Yeye alishikilia zile ncha bila kuzisogeza, mimi nilishika mita, na malori yakipita yalitutikisa pale kando ya barabara. Baada ya muda namba zikaanza kucheza, zikapotea, zikarudi. Kisha zikatulia: upinzani wa omu 1.9. Dakika chache baadaye 1.8. Waya uliokatika ulikuwa umejiunga wenyewe mbele ya macho yetu.

Akafungua kitabu chake kwenye ukurasa uliochakaa. Pale mtengenezaji ameandika vipimo vya koili ile kwa safu mbili. Safu ya kwanza ni ya koili baridi, yaani kutoka nyuzi -10 hadi 50: omu 1.11 hadi 1.75. Ya pili ni ya koili moto, nyuzi 50 hadi 100: omu 1.41 hadi 2.05. Ukiongeza joto shaba inaupa umeme upinzani zaidi, kiasi cha asilimia 4 hivi kwa kila nyuzi 10, ndiyo maana namba hazilingani. Waliotengeneza gari walijua kwamba kitu hakipimwi baridi tu, wakaliandika hilo wazi kitabuni. Koili yangu ikiwa baridi ilikuwa ndani ya vipimo bila kasoro. Ndani yake kulikuwa na ufa mwembamba usioonekana kwa macho. Shaba ikitanuka ufa unafunguka, ikisinyaa unajifunga. Mtu angeweza kuipima kila asubuhi kwa mwaka mzima na kuapa kwamba ni nzima.

Koili nyingine tuliipata Dar es Salaam, Gerezani, kwenye spea za mitumba. Mzee hakukubali kuinunua kwa kuitazama. Alimwomba muuzaji umeme, akachomeka draya ya kukaushia nywele aliyokuja nayo mfukoni mwa begi, akaipuliza koili mpaka haishikiki kwa mkono, ndipo akapima. Ya kwanza namba zilirukaruka, akairudisha. Ya pili ilipanda taratibu ikatulia pale kitabu kilipotaka. Hiyo ndiyo tuliyolipia. Tangu ilipofungwa, gari limepanda Kitonga na kushuka mchana wa jua, limepita Mikumi bila kusimama, na kwenye foleni za Kimara linasubiri kama magari mengine.

Baada ya hapo nilizoea kupita bandani kwake jioni, nikimaliza vipindi. Alinieleza mengi, na yote yalirudi kwenye swali lile lile: gari linafanya nini likiwa moto ambacho halikifanyi likiwa baridi? Kwenye Peugeot 504 za kabureta, ambazo alizitengeneza ujanani zikiwa teksi za masafa marefu, petroli ilikuwa inachemka ndani ya bomba kwenye milima, kwa sababu baadhi ya vilivyomo kwenye petroli huanza kuchemka kabla ya nyuzi 40, na pampu yao ilikuwa imefungwa kwenye injini yenyewe, penye joto. Madereva walifunika pampu kwa kitambaa kibichi wakaendelea na safari. Kitambaa kile kilikuwa kipimo tosha: gari likiwaka baada ya kupoza pampu, umeshajua pa kushika. Corolla yangu haikuwa na balaa hilo, kwani pampu iko tangini na petroli inasukumwa kwa presha ya baa 3 hivi, na petroli iliyobanwa namna hiyo haichemki kirahisi.

Kuna sensa ya joto la maji, ambayo inatakiwa kusoma omu 2,000 hadi 3,000 maji yakiwa nyuzi 20, na 200 hadi 400 tu maji yakifika nyuzi 80. Ikiharibika na kung'ang'ania namba za juu, kompyuta inaamini injini bado ni baridi, inaimwagia petroli mpaka inaisonga. Plagi zinatoka nyeusi na moshi unanuka. Kuna vali za injini zilizokazwa kupita kiasi, ambazo zikitanuka kwa joto hazifungi, na mgandamizo unavujia hapo. Kuna rilei zilizochomelewa vibaya, ufa wake ni kama wa koili yangu. Nayataja haya kwa sababu dereva wa kawaida anaweza kuanza kuyatenganisha kwa macho, pua na masikio, bila kifaa chochote, akiwa amezoea kutazama wakati gari linapozima badala ya kuanza kupiga simu.

Lakini mazungumzo yetu yaliyonigusa zaidi yalihusu fedha. Siku ile ya Mikese nilipomuuliza ananidai kiasi gani, alitaja fedha ya kufunga koili. Nikamkumbusha kwamba tulizunguka barabarani mchana mzima. Akacheka kidogo. "Mwalimu, nani analipa kuzunguka?" Akaniambia vijana wake wanajua kutafuta, amewafundisha. Wakitoka kwake wakafungua banda lao, mteja anakuja, anaacha funguo, anasema nikirudi saa kumi nilikute tayari. Kijana akimwambia, "Nimeshinda nalo barabarani, nimejua si pampu wala si plagi," mteja anaona hakuna kilichofanyika. Akimwonyesha pampu mpya ndani ya boksi, mteja anafungua pochi. Basi kijana anajifunza kuuza maboksi.

Nilihesabu nilichokuwa nimetumia kwa plagi, waya, chujio na pampu ambavyo havikuwa na kosa lolote, nikaona kilizidi mara nyingi malipo ambayo mzee yule angeweza kudai kwa mchana mzima wa kutafuta. Nilimlipa na mchana ule wa kutafuta. Alisita kupokea, nikamsihi, akapokea.

Kwa hiyo wewe mwenye gari linalozima likipata joto, nina ombi. Usiliache gereji asubuhi na kuondoka. Andika linazima baada ya muda gani, ukiwa umekanyaga au umeachia, kwa kukata au kwa kusitasita, mshale unaanguka vipi, na linakaa muda gani kabla ya kuwaka tena. Mpe fundi maandishi hayo, panda naye, mzunguke mpaka lizime mbele yake. Akikuomba kubadilisha kitu, mwombe akuonyeshe kipimo chake kikiwa moto. Na mkipatana bei, saa zake za kutafuta ziwe kwenye bei hiyo tangu mwanzo, hata kama mwisho wa siku hakuna spea iliyonunuliwa. Walimu wa vyuo vya ufundi vya VETA na wenye magereji nao wawape vijana mita, kitabu na ruhusa ya kusubiri. Mafundi wenye uwezo tunao. Tuwalipe kwa kufikiri.